Hispania warudishe saa yao nyuma au waache tu? Tujadili

Wadau, hii ishu imeibuka tena tangu Oktoba 2025 waziri mkuu wao Pedro Sánchez alivyoiomba Umoja wa Ulaya waachane kabisa na kusogeza saa mara mbili kwa mwaka (mbele lisaa kiangazi, nyuma lisaa majira ya baridi), ila mimi naona anazunguka mbuyu. Swali lenyewe ni je, saa ya Hispania ni ya Hispania kweli? Angalia ramani, Madrid iko magharibi ya London lakini saa wanayotumia ni ya Berlin. Tangu 1901 walikuwa wanafuata saa ya Greenwich, yaani ya London, ikaja usiku wa tarehe 16 Machi 1940, ilipogonga saa tano serikali ya dikteta wao Franco ikasema hesabuni saa sita, na agizo lenyewe lilisema tarehe ya kurudi saa ya kawaida itatangazwa baadaye, basi mpaka leo hilo tangazo halijatoka. Matokeo yake kiangazi jua linafika utosini Madrid saa nane na robo mchana, Vigo, mji wa jimbo la Galicia huko kaskazini-magharibi, ndo kabisa saa nane na nusu imeshapita, na hapo hapo ukivuka tu mto Minho wa mpakani kuingia Ureno unarudi nyuma lisaa zima. Mimi nasema wairudishe.

— Mkuu umeeleza vizuri ila usimtwishe Franco kila kitu. Waingereza waliokuwa wanapigana na Hitler nao walisogeza saa mbele Februari 1940, ilikuwa hali ya vita. Tofauti ni kwamba Waingereza baadaye walirudi, Franco akakaa kimya.

— Mimi naishi huku, niwaambie ukweli, watu wameshazoea. Mnawacheka Wahispania wanakula mchana saa nane saa tisa, kwani kwa jua si ndo mchana wenyewe huo? Tumbo halijui Berlin. Mkirudisha saa watakula saa saba na maisha yanaendelea vilevile, sasa mmebadilisha nini.

— Hapo hapo ndo umejijibu dada yangu. Tumbo linafuata jua lakini ofisi inafungua kwa saa ya ukutani, saa tatu asubuhi kama Wajerumani, ndo maana siku yao imevutika hivyo, mtu anatoka kazini usiku unaingia na vipindi vikubwa vya tivii vinaanza karibu saa tano usiku halafu asubuhi anatakiwa kuamka kama kawaida. Saa ikirudi nyuma ofisi na tumbo vinakaribiana, hilo sio jambo dogo.

— Kwa hiyo watu wa hoteli za kisiwa cha Mallorca, upande wa mashariki, mnawaambia nini? Bunge la visiwa vile 2016 lilitaka saa ya kiangazi ibaki mwaka mzima maana mgeni anataka jioni ndefu ya kukaa nje, nyie mnataka kuwakata lisaa la biashara.

— Na wa Galicia je? Januari kule jua linachomoza saa tatu asubuhi na dakika zake, mkiwawekea saa ya kiangazi mwaka mzima inakuwa saa nne, watoto wameshamaliza kipindi cha kwanza kiza bado kipo nje. Ureno walijaribu saa ya Berlin 1992, wakaona watoto wanaenda shule gizani, 1996 wakarudi zao Greenwich.

— Hata hivyo Umoja wa Ulaya kule Brussels hawana haraka. Bunge la Ulaya lilipiga kura 2019, 410 kwa 192, kusogeza saa kukome 2021, serikali za nchi hazikuelewana, mambo yakalala.

— Narudi mimi mwanzisha mada. Mbona visiwa vya Canary, navyo ni vya Hispania, viko nyuma lisaa na redio kila siku inataja saa za aina mbili, ya bara na ya visiwani, bila mtu kufa? Galicia nao wapewe ya Canary, Mallorca wabaki na yao, kesi imeisha.

— Canary imezungukwa na bahari mkuu. Huo mpaka wa saa utaupitisha wapi, kabla ya León, jirani wa Galicia, au baada? Na treni ya Madrid kwenda Vigo iandikwe saa ya nani?