Promo ya Queen ya Marekani, 1973: wimbo mmoja pande zote mbili, ni feki?

mwana_shangani
Asalaam aleykum wadau wa santuri. Marehemu ami yangu aliishi Marekani miaka mingi, juzi wanawe wametuletea kasha lake la sahani, nyingi ni taarab na soul, ila ndani nimekuta sahani ndogo ya 45 ya Queen, ile bendi ya rock ya Uingereza, "Keep Yourself Alive", lebo ya Elektra, namba EK-45863, imeandikwa Not For Sale, yaani ni promo, haikuwa ya kuuzwa. Kinachonichanganya wimbo ni huohuo pande zote, huku Mono (sauti ya njia moja) kule Stereo (njia mbili), na mimi nilivyosoma nyuma ilitakiwa iwe "Son and Daughter". Halafu kuna mtu kaandika juu ya lebo kwa kalamu, namba tu na herufi sizielewi. Hii ni feki au walikosea kiwandani? Naomba nijue mapema maana kuna jamaa yuko tayari kuichukua leo leo.

sindano_mbovu (Dar)
Pole kwa msiba mkuu, Mungu ampumzishe. Usimpe mtu kwanza. Hiyo mono na stereo siyo kosa, promo za Marekani miaka ile ndo zilikuwa hivyo. Kampuni inazigawa bure kwenye stesheni za redio, stesheni za AM zinarusha mono, FM zinarusha stereo, kwa hiyo sahani moja inatosha kote, na pia DJ hana nafasi ya kugeuza akapiga wimbo mwingine wakati wenyewe wanausukuma huu. Ya dukani ndo ina Son and Daughter.

Kuhusu feki, ishike chini ya taa uiinamishe kidogo, angalia ile sehemu laini kati ya mwisho wa mifereji na lebo. Ukikuta MR ndani ya kiduara basi imechapwa kiwanda cha Monarch, Los Angeles. 45 za Monarch nyingi ni plastiki ngumu, siyo vinyl ya kawaida, na hiyo plastiki inalika haraka sana. DJ alikuwa anaweka sindano mwanzo wa wimbo, anaizungusha mbele nyuma kwa mkono mpaka apate sauti inapoanzia, akifanya hivyo kila siku mfereji unachakaa pale mwanzoni tu. Na wimbo huu unaanza na gitaa la Brian May wa Queen peke yake kabla ngoma hazijaingia, kwa hiyo kama kuna mchakacho utausikia hapohapo. Hayo maandishi ya kalamu usiyafute tafadhali, kwa kawaida ni watu wa redio walikuwa wanaandika namba ya kabati au tarehe ya kuipokea, kwangu mimi hiyo ni sehemu ya sahani.

baharini_45 (Mombasa)
Nakubaliana na ndugu hapo juu ila niongeze kitu, watu wanadhani promo lazima iwe adimu kuliko ya dukani. Wimbo ukifeli mara nyingi inakuwa kinyume, za redio zinabaki, za dukani hata hazikununuliwa. Na huu ulifeli, Uingereza ulitoka Julai 1973, Marekani Oktoba, haukuingia chati huku wala kule. Jac Holzman wa Elektra ndiye aliyewachukua kwa upande wa Marekani akiwaamini kabisa na bado redio hazikusukumika. Aprili 1974 Queen wakaenda huko wenyewe, wakiwasindikiza bendi ya Mott the Hoople, Mei hiyohiyo Brian May akaangushwa na homa ya ini, ziara ikakatika wakarudi nyumbani. Mpaka "Killer Queen" ilipofika namba 12 mwaka 1975 ndo Marekani ikawajua. Kwa hiyo uliyonayo ni ya wakati Freddie Mercury, mwimbaji wao mzaliwa wa Unguja, alikuwa si mtu kule, ndiyo maana mimi naipenda kuliko dhahabu zote za baadaye.

Kama unataka ya adimu kikweli tafuta Larry Lurex, "I Can Hear Music", 1973 hiyohiyo. Sauti ni ya Freddie, Brian na Roger, mpiga ngoma wa Queen, wamo, ilirekodiwa studio ya Trident London na ikatoka siku chache tu kabla ya Queen wenyewe kutoa sahani yao ya kwanza. Marekani ilitoka kwa lebo ya Anthem. Jina la Freddie wala la Queen halikutumika, ndo maana watu wengi waliipita tu kwenye maboksi. Hiyo ndo ya kuogopa feki, zipo.

mwana_shangani
Ahsanteni sana kaka zangu. Nimeangalia, MR kwenye kiduara ipo. Nimeipiga kwa rafiki yangu mwenye mashine nzuri, upande wa Stereo umetulia kabisa kama haujaguswa, ila upande wa Mono pale gitaa linapoanza kuna mchakacho mkubwa, baada ya sekunde chache unaisha na wimbo unaendelea vizuri. Maana yake nini sasa?

sindano_mbovu (Dar)
Duh! Maana yake ilipigwa mkuu, tena sana. Yaani kuna stesheni, bila shaka ya AM, iliweka upande wa mono hewani tena na tena wakati Marekani nzima haina habari na huyu mtoto wa Unguja. Nakala safi pande zote ni ya mtu aliyeitupa kwenye droo. Mnunuzi atakuambia imechakaa ili akushushe bei, usikubali.

baharini_45 (Mombasa)
Hii imenifurahisha jioni yangu yote. Usiuze. Uongee na watu wa makumbusho ya Freddie hapo kwenu Mji Mkongwe, yapo tangu Novemba 2019, hata kama ni kuwaazima tu waiweke kwenye kioo na jina la ami yako liandikwe chini. Ila kwanza itoe kwenye hilo karatasi la zamani uitie kwenye mfuko mpya, isimamishe wima usiilaze chini ya nyingine, na ukitaka kuisafisha tumia maji yaliyokenekwa (distilled) na kitambaa laini, lebo isiloe. Spiriti usiguse nayo kabisa.