Tupeane uzoefu: mnyama gani wa mwituni mnaishi naye mtaani, na ana ujanja gani?

Mkaazi wa Kibokoni
Salaam aleikum wote. Leo nimeporwa chapati na kunguru, mara ya tatu wiki hii, nikaona bora nifungue uzi. Mwizi wangu namjua. Hukaa kwenye waya wa stima ulioelekea dirisha la jikoni, na haji ovyo. Humngoja mama aepue chapati ya kwanza, kisha ageuke kwenda kuchukua unga. Hapo ndipo hushuka. Siku akiwepo kaka yangu jikoni, hubaki wayani akijisafisha mbawa kama hana haja.

Bibi hutwambia zamani kunguru wa Mombasa alikuwa yule mwenye kifua cheupe kama kavaa fulana. Hawa wa shingo ya kijivu asili yao ni Bara Hindi. Unguja waliletwa miaka ya 1890 ili wale taka, na huku kwetu wamezagaa kutoka miaka ya 1940. Hula mayai ya ndege wengine na makinda yao, na minana waliokuwa wakisuka viota kwenye mnazi wa jirani siku hizi siwaoni.

Mwaka jana fundi wa dishi aliteremsha kiota chao kutoka kwenye mwarobaini wetu. Tulikihesabu vitu: nyaya za stima, hanga mbili za nguo, spoki ya baiskeli, na uzi mrefu wa kufumia kofia. Nyumba ya chuma hiyo, yakhe.

Haya, leteni yenu.

Mjukuu wa Mgema
Kwetu Mtopanga ni komba. Babu alikuwa akigema, na kukipambazuka akipanda hukuta kibuyu kimepungua vidole viwili, vitatu, na manyoya yamenata kwenye karara. Usiku mmoja akaniamsha tukamulike tochi. Komba yuko juu, mkia unaning'inia, anatia mkono kibuyuni, analamba vidole kimoja kimoja, mashalla, kwa adabu kuliko walevi wa mangweni. Macho yake kwenye tochi ni mekundu kama makaa.

Tena hukojolea viganja na nyayo zake kabla ya kupanda. Babu akisema ni ili ashike vizuri. Mimi nadhani kubwa zaidi ni harufu, kuwaambia wenzake kuwa mnazi huu una mwenyewe. Mwishowe babu akawa anafunika kibuyu kwa kilifu na kukaza kwa kamba. Komba akajifunza kufungua kamba. Kwa nini watu husema "mlevi kama komba"? Mimi nimemkuta chini ya banda la mbuzi jua limechomoza, kalala chali.

Bi Nyali
Tumbili. Siku ya taka wanaijua kuliko mimi. Sina la zaidi, nimechoka nao.

Mkaazi wa Kibokoni
Pole mamangu 😂

Mvuvi wa Kaa
Mimi nawinda kaa mikokoni, upande wa Mikindani. Asiyejua hudhani matope yale hayana kitu. Ukienda maji yamekupwa, tulia kidogo kama dakika tano, utaona vikaa vidogo vinatoka mashimoni, vinaburura majani makavu ya mkoko hadi ndani. Jani moja huweza kumshinda mmoja akaliacha, mwenzake akalichukua. Majani hayo ndiyo chakula chao, na mashimo yao hupitisha hewa na maji kwenye tope. Bila hewa tope hunuka kama yai viza, na mizizi hupata taabu.

Kaa mkubwa, yule wa kuuza, shimo lake nalijua kwa tope bichi mlangoni. Tope likiwa limekauka, sijisumbui. Na mara mbili nimeingiza kijiti cha ndoano nikatoa... sikutoa kitu, nilikimbia. Kenge alikuwa ametangulia. Msafara wa kaa nao kenge wamo.

Wa Bamburi
Watu wakitaja wanyama husahau jongoo. Machimbo ya zamani ya mawe ya saruji huku kwetu yalikuwa jangwa jeupe, jua linakupiga chini na juu. René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kampuni ya saruji, alianza kupanda miti hapo mwaka 1971, na mvinje ukawa mmoja wa michache iliyokubali. Shida, majani yake hayakuoza, yalirundikana tu kama mkeka. Wakaletwa majongoo. Wakayala, wakayatoa kwa nyuma, na huko nyuma ndiko ulikoanzia udongo. Siku hizi ni hifadhi ya wanyama, Haller Park. Nimeingia pale na wanangu, wakataka kuona twiga na viboko. Mimi niliinama nikafunua majani.

Kijana wa Shanzu
Kasa. Kuna kiota tulikizungushia vijiti tukahesabu siku. Usiku wa 57 mchanga ukaanza kutitia kama maji yanayochemka. Vitoto vya kasa hufuata upande wenye mwanga, na ufukwe ukiwa na giza, upande huo ni bahari, kwa kuwa nyuma kuna kivuli cha minazi. Sasa hoteli moja ilikuwa imewasha taa kali za bustani. Vyote vikageuka, vikaelekea bara. Kumi na moja niliviokota kwenye maegesho ya magari, kimoja kimekwama kwenye ufa wa saruji kikipiga makasia hewani.

Tuliwatia kwenye ndoo ya mchanga wa unyevu, tukawaachia hatua chache kabla ya maji watambae wenyewe. Mlinzi tulimsihi azime taa. Akasema hana ruhusa, ila alitusaidia kuzifunika kwa magunia. Mzee mmoja akatwambia mchanga ukiwa moto sana hutoka majike matupu. Nilidhani ananitania, kumbe ni kweli.

Mkaazi wa Kibokoni
Taarifa ya jioni: mama amehamishia jiko uani. Kunguru amehamia antena ya uani.