Unguja kwa baiskeli Julai: Mji Mkongwe hadi Kizimkazi, tutaweza?

Habari wadau. Mimi na mke wangu tuko Dar, tuna siku tano za likizo. Gari la kukodi hatutaki; tunavuka na boti na baiskeli zetu mbili za gia. Hamu yetu ni msitu wa Jozani, kisha msikiti wa Kizimkazi Dimbani. Mwenzangu hajawahi kupita kilomita 30 kwa siku. Njia ikoje?

JIBU 1
Karibuni kwetu. Julai ni kusi, upepo wa kutoka kusini, kaka. Mkielekea huko upepo unawapiga usoni, kwa hiyo ondokeni mara baada ya alfajiri. Kurudi mtasukumwa kama dau. Bungi pumzikeni kwenye miembe ya Bi Khole, binti wa Sultani Sayyid Said; kivuli chake hakina mfano. Vilima si kitu. Kinachotisha ni daladala zinazokubana ukingoni mwa lami, hadi unasikia joto la injini mguuni.

JIBU 2
Dimbani, kibla kina maandishi ya Kikufi, hati ya kale ya Kiarabu, ya mwaka 1107. Watu bado wanasali humo, kwa hiyo shemeji abebe kanga. Na kima punju wa Jozani msiwalishe, tafadhali, hata wakiwatazama vile.

JIBU 3
Tyubu ya akiba! Mimi nilipasukiwa Kitogani, fundi akaziba kwa kiraka cha tyubu ya pikipiki. Kilinifikisha mjini, kikivuja.

MUULIZAJI
Ahsanteni. Mke kasoma habari za kusi, kaamua: kwenda, baiskeli zipande juu ya daladala, kurudi ndiyo tuendeshe.