Msaada: Python 3.10 haioni OpenSSL, kazi inatakiwa kesho

Mjasiri_TZ: Wakuu, seva ya ofisi ni CentOS 7 (mfumo wa Linux), sina ruti, yaani haki za msimamizi. Nakompaili Python 3.10, mwisho wa `make` inaandika "Could not build the ssl module!" na pip (ya kusakinisha vifurushi vya Python) haifanyi kazi. OpenSSL 3, maktaba ya usimbaji ambayo ssl inaitegemea, ipo `~/opt/openssl`, na LD_LIBRARY_PATH (folda za kutafutia maktaba) nimeiandika kwenye `.bashrc`, faili ambayo kila dirisha jipya huisoma. Nakosea wapi?

Babu_Kernel: CentOS 7 ilizikwa Juni 2024. Hamieni AlmaLinux, Linux ya kurithi nafasi yake.

Mjasiri_TZ: Babu, seva si yangu.

Mama_Makefile: LD_LIBRARY_PATH husomwa programu inapoanza, `configure`, ile skripti ya kuandaa ukompaili, haiambii kitu. Halafu OpenSSL 3 kwenye x86_64 hujiweka `lib64`, wakati Python hutafuta `lib`. Hiyo OpenSSL uliisakinishaje?

Mjasiri_TZ: Ipo tu, inafanya kazi.

Mama_Makefile: Sijauliza kama ipo. Nimeuliza uliisakinishaje.

Mjasiri_TZ: Nilinakili kutoka laptop yangu ya Ubuntu 22.04. Zote x86_64, nikompaili upya ya nini? Ikadai GLIBC_2.34 (toleo la libc, maktaba kuu ya C), nikaongeza na `libc.so.6` humo humo. Sioni ubaya, sijagusa faili za mfumo.

Pwagu: 😂😂 Kahamisha moyo kaacha mishipa.

Mzee_wa_Busara: Vijana mnapenda njia za mkato. Someni man page kwanza.

Ldd_Mbishi: Hii chai. Libc ya Ubuntu 22.04 ni 2.35, `ld-linux` (kipakiaji cha programu) ya CentOS 7 ni ya 2.17, na hizo mbili lazima zitoke toleo moja. Kwa `.bashrc` hiyo hata `ls` ingetoa "relocation error". Umefikaje kwenye `make`?

Mjasiri_TZ: Si chai mkuu. Dirisha hili nililifungua kabla ya kuhariri `.bashrc`. Madirisha mapya ndiyo yanakataa kila amri, nilidhani ni mtandao.

Ldd_Mbishi: Hapo sawa, imeingia akilini. Kwenye dirisha jipya andika `unset LD_LIBRARY_PATH`. Ni amri ya ndani ya bash, haihitaji libc nyingine. Kisha ufute ule mstari kwenye `.bashrc`.

Mama_Makefile: Na folda yote ya Ubuntu uifute. Pakua chanzo cha OpenSSL 3:

`./Configure --prefix=$HOME/opt/openssl --libdir=lib`
`make && make install_sw`

Kwenye Python anza na `make distclean`, la sivyo majibu ya zamani ya `configure` yatabaki:

`./configure --prefix=$HOME/opt/py310 --with-openssl=$HOME/opt/openssl --with-openssl-rpath=auto`
`make && make install`

Hiyo rpath huandika njia ndani ya moduli yenyewe, kwa hiyo hata cron (ya kuendesha kazi kwa ratiba), ambayo haisomi `.bashrc`, itaipata. Hakiki:

`~/opt/py310/bin/python3.10 -c 'import ssl; print(ssl.OPENSSL_VERSION)'`

Mjasiri_TZ: Sasa `Configure` inalia "Can't locate IPC/Cmd.pm". Nisiinakili toka Ubuntu?

Pwagu: Huyu hajakoma 😂

Mama_Makefile: Mwombe msimamizi asakinishe `perl-IPC-Cmd`, kifurushi chenye hiyo moduli ya Perl. Ni `yum install`, ila hazina za kawaida za CentOS 7 zilifungwa 2024, kwa hiyo kwanza aielekeze `yum` kwenye vault.centos.org.