Mdhamini aambiwe mwezi wa kwanza, asingoje kukatwa

Naomba tuzungumze, wanachama wa sacco (vyama vya akiba na mikopo) wa Nakuru, Kisumu, Kakamega na kwingineko. Mkopaji akikosa kulipa mwezi mmoja tu, je, sacco ilazimike kumjulisha kila mdhamini wake mara moja? Mimi nasema ndiyo, na ningependa SASRA, wasimamizi wa sacco nchini, waifanye kanuni.

Mwaka wa 2019 nilikuwa nafundisha huku Njoro. Wakati wa chai, mwalimu mwenzangu akaniwekea fomu ya kudhamini mkopo wake juu ya madaftari niliyokuwa nasahihisha. "Mwalimu, nisimamie hapa." Nikatia sahihi kwa kalamu iliyokuwa mkononi, nyekundu. Kesho yake fomu ikarudi: wino mwekundu haukubaliwi. Nikatia tena, kwa bluu. Nilipata nafasi mbili za kuisoma ile fomu, na mara zote mbili nilitafuta tu mstari wa jina langu.

Alikopa 600,000, mara tatu ya akiba yake, kama ilivyo kawaida katika sacco nyingi. Wadhamini tulikuwa wanne. Mwaka uliofuata akaacha kazi, makato yake yakakoma, tusiambiwe lolote. Nilikuja kujua mwisho wa mwezi mmoja, mshahara wangu ulipopungua shilingi 3,750. Ofisini nikaelezwa kwamba akiba yake ilishachukuliwa kulipia deni, zikabaki 180,000, na kila mmoja wetu angekatwa hadi zifike 45,000. Alikuwa hajalipa kwa miezi saba. Miezi saba! Ile miwili ya kwanza tulikuwa bado tunakutana sokoni, tunasalimiana na kuulizana habari za watoto. Ningejua, ningemkalisha chini tuongee kabla hajahama.

Wengi wetu hudhani kudhamini ni kumshuhudia mtu kwamba ni mwaminifu. Kumbe akiba yako inafungwa. Sehemu uliyomwekea huwezi kuikopea, na ukitaka kujitoa katika sacco, sharti kwanza mkopaji apate mtu wa kushika nafasi yako. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza makato kupita theluthi mbili ya mshahara, kwa hiyo utabakiwa na cha kula. Deni lenyewe linakungoja.

Shemeji yangu wa Kisumu, aliyewahi kukaa katika kamati ya mikopo, tumebishana sana. Anasema mtu aliyecheleweshewa mshahara wiki mbili ataaibika kazini, na kwamba watu wakianza kupata habari hizo watakataa kudhaminiana. Hilo la aibu lina uzito, nami naliheshimu. Lakini ujumbe uende kwa wadhamini peke yao, ambao mkopo wanaujua tangu siku ya kwanza. Hilo la pili silikubali. Mimi mwenyewe nilijenga kwa sahihi za watu watano, sina hati ya shamba wala gari, kwa hiyo sitaki kabisa wadhamini waondolewe. Ila pesa zilizo hatarini ni zao. Sacco hiyo hiyo hunitumia ujumbe wa simu kila mkutano mkuu unapokaribia. Inashindwaje kunitumia mmoja kuhusu deni nililolisimamia?

Mlio kwenye kamati, tuelezeni: kwenu mdhamini hujulishwa baada ya miezi mingapi, na kwa njia gani? Na nyinyi mliowahi kukatwa, mlijua lini?