Kubeba mke Sonkajärvi: mke wangu amekubali, naombeni ushauri

Mtu_wa_Tanga
Wakuu, habari za majukumu. Naishi Kuopio, huku Finland, na mke wangu. Wenzangu kazini wametushawishi tujiandikishe mashindano ya dunia ya kubeba mke pale Sonkajärvi, yale yanayofanyika Julai tangu 1992. Njia ni mita 253.5, ina vizuizi viwili vya nchi kavu na bwawa lenye kina cha kama mita moja, na kote humo unapita umembeba mwenzako.

Mke wangu ameridhia kwa moyo mmoja, ndiyo maana sitaki tuende kubahatisha. Yananisumbua haya. Yeye ana kilo 46, na kanuni inataka anayebebwa asipungue 49. Halafu karibu wote wanaoshinda hutumia mtindo wa Estonia: mwanamke ananing'inia kichwa chini mgongoni kwa mbebaji, miguu imepita mabegani na mikono imezunguka kiuno chake. Picha zikifika Tanga, baba mkwe atazipokeaje? Na zawadi ya mshindi ni bia yenye uzito wa mke, nasi hatunywi.

Kijana wa Oulu
Kilo zisikutie presha mkuu. Shemeji atabebeshwa begi lenye uzito mpaka zitimie 49, kanuni zinaruhusu. Ila anzeni mazoezi na begi hilo mapema, maana uzito ukichezacheza mgongoni kwake wewe ndiye unayeyumba kwenye kizuizi. Wewe unaruhusiwa mkanda tu, na yeye lazima avae helmeti.

Kuhusu mtindo, angalia historia. Kuanzia 1998 hadi 2008 ushindi ulikwenda kwa Waestonia kila mwaka, na mwaka 2000 Margo Uusorg na Birgit Ulricht walimaliza kwa sekunde 55.5. Mwanamke akikaa hivyo, uzito wake unagandana na mwili wako na mikono yako inabaki huru. Ukimbeba mgongoni kama gunia la mahindi, utachoka kabla ya bwawa.

Bia mpeni yeyote. Wafini watapokea kwa shukrani.

Bi Zuhura
Mimi siungi mkono. Wenyewe wanasimulia kwamba chimbuko lake ni jambazi Ronkainen wa karne ya 19, ambaye genge lake lilivamia vijiji na kuondoka na wanawake mabegani. Mwanamke gani anataka kuigiza hilo? Kaka, mheshimu mkeo.

Mama Neema wa Joensuu
Dada Zuhura, hoja yako ina uzito na mimi pia ile hadithi siipendi. Lakini nimeyashuhudia mashindano yenyewe. Wanawake wale wamefanya mazoezi, wanajua wakae vipi, na ndio wanaomwelekeza mwanaume apunguze au aongeze mwendo. Kanuni mojawapo inasema washiriki wote lazima wafurahi, na siku ile niliona inafuatwa. Vytautas Kirkliauskas na mkewe Neringa kutoka Lithuania walishinda 2018 wakarudi wakashinda tena 2019. Wale ni mume na mke kweli, wanafanya kazi moja.

Kama shemeji ana wasiwasi hata kidogo, anzeni na kitu kingine. Hyrynsalmi kuna soka la kinamasini, wachezaji sita kila upande, kila kipindi dakika 13. Lilitokana na mazoezi ya watu wa ski, waliokuwa wakikimbia kwenye matope kiangazi ili wapate nguvu za mapaja. Pale hakuna anayembeba mtu, na kila mmoja anazama hadi magotini kivyake.

Mzee Kaskazini
Ushauri wangu ni mmoja: mkiona hali si nzuri, simameni. Heinola walikuwa na mashindano ya dunia ya kukaa sauna kwenye joto la nyuzi 110. Mwaka 2010 mshiriki mmoja alifariki fainalini na mashindano yakafutwa moja kwa moja. Kwa kubeba mke, shingo na mgongo ndivyo vya kuchunga.

Mke wa Mtu wa Tanga
Assalaam alaykum. Mimi ndiye nitakayebebwa. Dada Zuhura, asante kwa kunijali, ila uamuzi ni wangu na nautaka mtindo wa Estonia. Baba nimempigia mwenyewe. Aliuliza nitavaa nini, nikamwambia suruali ndefu, fulana ya mikono mirefu na kilemba cha kuogelea chini ya helmeti. Akaridhia. Swali langu ni la bwawa: kichwa kiko chini, maji yanafika usoni. Nifanyeje?

Mama Neema wa Joensuu
Mdogo wangu, uso utazama, hilo lipo. Vuta pumzi mume anapokaribia ukingo, toa kidogokidogo puani, na usimwachie kiuno hata maji yakikushtua, kwa sababu ukiachia mnaanguka wote na mnaongezewa sekunde. Nendeni ziwani jioni, maji yamfike kiunoni, atembee kwanza. Mkubaliane alama: ukimpiga paja mara mbili, anasimama na kukushusha hapohapo. Mbio baadaye.

Mtu_wa_Tanga
Tumeelewana. Jumamosi tunaanza ziwani, kwa kutembea.