All in one ya familia, nichukue ipi?

Wakuu habari, natafuta kompyuta ya all in one (ile kioo na mashine ni kitu kimoja) ya sebuleni, madogo wasomee na mama watoto afanyie hesabu za duka, Kariakoo nimeona HP na Dell used, niangalie nini?

— Mkuu anza na prosesa (ubongo wa kompyuta), Intel iwe kizazi cha 8 kwenda juu, chini ya hapo Windows 11 inagoma na Windows 10 sapoti iliisha Oktoba 2025. RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) 8GB, hifadhi iwe SSD (diski isiyozunguka, ya haraka), ile diski ya kuzunguka achana nayo.

— Umeme ukikatika inazima hapo hapo maana haina betri, nunua na UPS (kifaa chenye betri kinachoshika umeme kwa muda) kabisa.

— Kioo kikifa mashine nzima inaweza kulala maana vimeungana, fungua ukurasa mweupe kabla hujalipa uangalie madoa kwenye kona